Weji (fimbo ya gofu): maana, istilahi na namna ya kuichagua

weji nm [i-/zi-] fimbo ya gofu yenye kichwa cha chuma, mpini mfupi na uso uliolala sana, itumikayo kuurusha mpira juu na kwa umbali mfupi, hasa kuelekea grini au kutoka mchangani: *Alitoa weji yake ya nyuzi 56 akaupiga mpira ukatua karibu na bendera.*

Neno na ngeli yake

Weji ni neno lililotoholewa kutoka Kiingereza, na kama ilivyo kwa majina mengi ya vifaa vilivyokopwa, mfano redio, baiskeli na kompyuta, mahali pake ni ngeli ya I-ZI: weji hii imechakaa, weji hizi zimechakaa. Umbo *maweji* halipendekezwi katika maandishi rasmi, kwa kuwa kiambishi ma- huweza kuleta wazo la ukubwa ambalo mwandishi hakulikusudia. Mhariri ajihadhari pia na programu za kusahihisha tahajia, zinazoweza kuigeuza weji kuwa wezi. Mchezaji mwenye wezi watatu mfukoni ni habari ya ukurasa mwingine kabisa wa gazeti.

Jina la mchezo wenyewe nalo lina pacha wa sauti. Gofu la nyumba, wingi magofu, ni jengo lililobaki kuta tupu, kama yale ya Gede na Kilwa Kisiwani. Gofu ya mchezo haina wingi na huchukua upatanisho wa i-: gofu inachezwa, gofu imeanza. Kwa hiyo uwanja wa gofu ni mahali pa kuchezea, lakini gofu la uwanja ni uwanja uliobomoka. Wanafunzi hulipenda jozi hili, na mwalimu anaweza kulitumia kuonyesha kwamba upatanisho wa kisarufi hubeba maana, haupambi tu sentensi.

Kwa nini si kabari

Mfasiri anayekutana na neno hili kwa mara ya kwanza hufungua kamusi ya jumla na kukuta kabari: kipande cha mti au chuma chenye ncha nyembamba na kitako kinene, kinachopigiliwa ili kupasua gogo au kukaza kitu kilicholegea. Tafsiri hiyo ni sahihi kwa seremala na kwa mpasua kuni, na hata kwa mwalimu wa fizikia anayefundisha mashine sahili. Katika gofu haisaidii. Umbo la kichwa cha weji, likitazamwa kwa ubavu, kweli linafanana na kabari, na huenda ndiko jina lilikotoka. Lakini kabari kazi yake ni kuzama, na weji nzuri ya mchangani imeundwa ili isizame. Neno la kamusi linamwambia msomaji kinyume cha jambo analopaswa kulielewa.

Kuna pia jirani yake, kabali, yaani kumbana mtu shingoni kwa mkono. Kwa kuwa r na l hubadilishana katika matamshi ya wasemaji wengi, sentensi "alimpiga kwa kabari" itazua maswali mengi kuliko majibu. Ukurasa huu unapendekeza weji kwa fimbo ya gofu, na kabari ibaki kwa seremala.

Mwili wa fimbo

Kiswahili kina bahati katika eneo hili: karibu sehemu zote za kichwa cha fimbo zinapata majina kutoka katika mwili wa mtu, na msomaji haitaji kufundishwa. Kichwa kina uso unaogusa mpira, shingo inayoungana na mpini, kisigino upande wa karibu na shingo, na ncha upande wa mbali. Chini yake ni wayo. Wengine huandika soli, kwa kufuata kiatu. Neno hilo halina kosa, ila wayo unakaa vizuri zaidi pamoja na kisigino, na wingi wake, nyayo, unafaa pale weji mbili zinapolinganishwa. Mistari iliyochongwa usoni ni mifuo. Ukingo wa mbele ni ule unaotangulia kuingia chini ya mpira. Ukingo wa nyuma unaufuata.

Sehemu mbili za mwili huu ndizo zinazoamua weji ipi inunuliwe, nazo ni uso na wayo. Kila moja ina pembe yake, pembe hizo hupimwa kwa nyuzi, na ndizo zinazochanganywa mara nyingi katika tafsiri.

Mwinamo wa uso

Pembe ya kwanza ni ile ambayo uso umelala kutoka wima. Inaitwa hapa *mwinamo*. Kadiri mwinamo unavyokuwa mkubwa, ndivyo mpira unavyopanda juu zaidi na kwenda umbali mfupi zaidi. Weji huanzia karibu nyuzi 43 na kuishia karibu nyuzi 64.

Katika upana huo kuna aina nne ambazo maduka huziuza kwa majina na kuzichapa kwa herufi. Ya kwanza, iliyochapwa P, huja pamoja na seti ya fimbo za chuma. Inafaa kuitwa *weji ya seti*, kwa sababu pichi kwa msomaji wa Kiswahili ni uwanja wa mpira. Ya pili hujaza nafasi iliyo kati ya hiyo na ile ya mchangani. *Weji ya pengo* ni jina linalojieleza. Ya tatu ni *weji ya mchanga*, kwa kawaida nyuzi 54 hadi 58. Ya nne, yenye nyuzi 58 au zaidi, hupandisha mpira karibu wima ili ushuke na kutulia. Watangazaji wa kandanda wamekwisha kutupatia kitenzi chake, nayo ni *weji ya kubetua*.

Majina haya ni mazuri kwa mazungumzo. Kwa uchaguzi hayatoshi, na hapa ndipo mfasiri makini anapotofautiana na mfasiri mwepesi. Herufi P haitaji kipimo. Miongo kadhaa iliyopita weji ya seti yenye nyuzi 50 haikuwa jambo la ajabu. Leo seti nyingi zinatoka kiwandani na weji ya nyuzi 43 hadi 46, kwa kuwa watengenezaji wameendelea kuzisimamisha nyuso za fimbo zao za chuma ili mpira uende mbali zaidi. Fimbo mbili zenye herufi moja zinaweza basi kupishana kwa nyuzi tano na zaidi. Upande wa pili, weji ya pengo huchapwa A na kampuni moja, G na nyingine, U na ya tatu, ilhali kipimo ni kilekile. Makala inayosema tu "nunua weji ya pengo" haijamwambia mchezaji lolote mpaka ajue pengo lenyewe liko wapi.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme weji ya seti ina nyuzi 44 na mchezaji ameongeza weji ya mchanga ya nyuzi 56. Kati yake kuna nyuzi 12. Kwa mchezaji wa kawaida, kila nyuzi 4 huleta tofauti ya takriban yadi 10 hadi 15, hivyo kati ya fimbo hizo mbili kuna umbali wa yadi 30 au zaidi ambao hana fimbo yake. Akiwa katikati ya pengo hilo atalazimika ama kuipunguza nguvu fimbo kubwa ama kuilazimisha ndogo, na yote mawili ni mikwaju migumu. Weji ya nyuzi 50 inalimaliza tatizo. Lakini mwenzake ambaye weji yake ya seti ni ya nyuzi 48 hahitaji hiyo ya 50 hata kidogo. Kwake 52 na 56 zinatosha, au 54 na 60. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kuacha nyuzi 4 hadi 6 kati ya weji moja na inayofuata, na hesabu huanzia kwenye kipimo halisi cha weji ya seti, kinachopatikana katika maelezo ya mtengenezaji au kwa kupimwa na fundi. Kwa seti kuukuu iliyopita mikononi mwa wachezaji kadhaa, kupima ni bora kuliko kusoma, kwa kuwa shingo ya fimbo hupinda.

Idadi nayo ina mipaka. Kanuni ya fimbo 14 kwa kila mchezaji, iliyowekwa Marekani mwaka 1938 na kufuatwa Uingereza mwaka uliofuata, inamaanisha kwamba kila weji inayoongezwa huondoa fimbo nyingine mfukoni. Wengi hubeba weji tatu au nne pamoja na ile ya seti. Anayeanza kucheza hana haraka ya kununua weji ya kubetua. Fimbo ya nyuzi 60 hudai mkono mrefu kwa umbali mfupi, na kosa dogo nayo hugharimu: mpira hupita juu ya grini, au unabaki miguuni pa aliyeupiga.

Mbinuko wa wayo

Pembe ya pili haionekani kwa anayeitazama fimbo kutoka mbele. Weji ikisimamishwa juu ya meza, mpini ukiwa wima, ukingo wa mbele hauigusi meza. Kinachogusa ni sehemu ya wayo iliyotokeza nyuma yake, kama tumbo. Pembe kati ya meza na mstari unaotoka kwenye tumbo hilo hadi ukingo wa mbele ndiyo inayohusika hapa, na Kiingereza huiita kwa neno lilelile linalotumika kwa mpira unaodunda. Ndipo tafsiri hupotoka. Msomaji anayeambiwa achague "weji yenye mdundo mdogo" ataelewa kwamba mpira utakaopigwa nayo hautadunda sana utakapotua. Atainunua kwa sababu hiyo, na ataikuta inachimba ardhi kila akiipiga. Kosa la neno moja limemgharimu bei ya fimbo, na msimu mzima wa kujilaumu kwamba hajui kucheza.

Istilahi inayopendekezwa hapa ni *mbinuko*. Wanafunzi wanaijua tayari kutoka somo la fizikia, ambako lenzi mbinuko hutofautishwa na lenzi mbonyeo. Na umbo la wayo ndilo hilohilo, umebinuka kuelekea chini. Mdundo ubaki kwa mpira.

Kazi ya mbinuko inaeleweka vizuri zaidi kwa historia yake. Kabla ya miaka ya 1930 wachezaji waliingia mchangani na nibliki, fimbo ya chuma yenye wayo mwembamba uliokata mchanga kama jembe na kukwama humo. Wengine walijaribu weji zenye uso mbonyeo, zilizouchota mpira kama kijiko, lakini mamlaka za mchezo zilizipiga marufuku mwaka 1931. Mmarekani Gene Sarazen alitafuta njia nyingine. Alikuwa akijifunza kuendesha ndege, na mwenyewe alisimulia kwamba aliona jinsi mkia ulivyoshuka wakati pua ya ndege ikipanda. Akaenda karakanani kulehemu risasi (madini, si ya bunduki) chini ya wayo wa nibliki yake, ili sehemu ya nyuma ishuke kuliko ukingo wa mbele. Fimbo hiyo iliteleza ndani ya mchanga badala ya kuzama, na mchanga ukautoa mpira. Mwaka 1932 Sarazen alishinda mashindano ya Open ya Uingereza katika uwanja wa Prince's, mjini Sandwich, na mwaka huohuo akashinda pia US Open. Si yeye pekee aliyefikiria jambo hilo, lakini weji ya mchanga ya leo inahusishwa naye kuliko mtu mwingine yeyote.

Mbinuko wa nyuzi 4 hadi 6 huhesabiwa kuwa mdogo, 7 hadi 10 wa wastani, na zaidi ya hapo mkubwa. Uchaguzi hufuata mambo mawili: ardhi na mkono. Ardhi laini, nyasi zilizojaa na mchanga mwingi ulio mwepesi hudai mbinuko mkubwa, kwa sababu ukingo wa mbele una mahali pa kuzama. Ardhi ngumu, nyasi zilizokatwa chini sana na banka lenye mchanga haba hudai mbinuko mdogo. Juu ya ardhi kama hiyo tumbo la wayo hugonga chini kabla ya mpira, ukingo wa mbele hupanda, na mpira hupigwa katikati badala ya chini yake. Kuhusu mkono, mchezaji ambaye fimbo yake hushuka kwa ukali na kung'oa vipande vikubwa vya nyasi na udongo anasaidiwa na mbinuko mkubwa. Yule ambaye fimbo yake hupita kama inayofagia anafaa kwa mdogo. Asiyejijua yuko kundi gani aangalie alama anazoziacha uwanjani, hazidanganyi.

Ardhi na mkono vinapovutana, ipi isikilizwe? Kwa fimbo moja, mkono. Ardhi hubadilika kila wiki na kila uwanja, ila namna mtu anavyopiga haibadiliki upesi. Mwenye weji mbili za mchezo mfupi anaweza kuzigawanya: ya nyuzi 56 iwe na mbinuko mkubwa kwa mchanga na nyasi nene, na ya nyuzi 60 iwe na mdogo kwa ardhi ngumu.

Uwanja wa nyumbani una neno lake katika hili. Nyasi za kikuyu, zilizopewa jina hilo kutokana na eneo la asili yake nchini Kenya, zimeenea hadi kwenye viwanja vya mbali kama Riviera mjini Los Angeles, na wachezaji wa kulipwa wanaofika huko hujifunza upesi kwamba nyasi hizo hukamata kichwa cha fimbo na kuuzuia mpira unaotambaa. (Katika tafsiri, *nyasi za kikuyu* huandikwa kwa herufi ndogo, herufi kubwa ni ya watu na lugha yao.) Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mpira husafiri mbali zaidi kuliko Pwani, na mchezaji wa Muthaiga anayeshuka Vipingo atapata kila weji yake imepungua umbali. Mapengo kati ya weji yake, hata hivyo, yanabaki palepale, na hana sababu ya kununua nyingine.

Namna wayo ulivyonolewa kwenye kisigino, nchani na ukingo wa nyuma huitwa *mchongo wa wayo*. Mchezaji anapoufungua uso wa weji, yaani kuuelekeza kulia kwa anayetumia mkono wa kulia, mbinuko unaofanya kazi huongezeka. Chuma kikiwa kimepunguzwa kisiginoni, ukingo wa mbele hubaki karibu na ardhi. Asiye na desturi ya kufungua uso hana haja ya kulipia mchongo wa namna hiyo.

Mifuo itajwe kwa ufupi. Kwa fimbo zenye mwinamo wa nyuzi 25 na zaidi zilizoundwa kuanzia 2010, kanuni za USGA na R&A zimewekea mipaka ukubwa wa mifuo na ukali wa kingo zake. Mifuo hulika kwa mchanga na mazoezi, na weji yenye mifuo iliyolika hushindwa kuuzungusha mpira vya kutosha ili usimame. Anayenunua weji kuukuu apitishe ukucha usoni kabla ya kuuliza bei.

Kusoma na kutafsiri alama

Watengenezaji wengi huchapa pembe zote mbili pamoja: 56.10, 56-10 au 56/10. Namba ya kwanza ni mwinamo, ya pili ni mbinuko. Nukta iliyo katikati si nukta ya desimali. Mfasiri anayeandika "nyuzi 56.1" amefuta mbinuko wote, na anayesoma kwa sauti "hamsini na sita nukta moja sifuri" amewapoteza wasikilizaji. Tafsiri salama ni *weji ya nyuzi 56 yenye mbinuko wa nyuzi 10*. Nyuzi hapa ni vizio vya pembe. Pale ambapo wasomaji wamezoea digrii, neno hilo litumike, mradi lisibadilishwe katikati ya makala.

Jihadhari pia na shimo. Katika gofu shimo ni lengo, na kuingia shimoni ni kufanikiwa. Tafsiri "shimo la mchanga" kwa kizuizi kilichojazwa mchanga inaweza kumfanya msomaji ampongeze mchezaji aliyeharibu. *Banka* [li-/ya-] inaondoa utata huo. Vivyo hivyo *grini* isigeuzwe kuwa kijani, kwa kuwa uwanja mzima ni wa kijani. Na weji ya mchanga, licha ya jina lake, hutumika kwenye nyasi kila siku. Sentensi isiandikwe kana kwamba fimbo hiyo hutolewa mfukoni bankani tu.

Mifano ya matumizi:

*Weji yake ya seti ina mwinamo wa nyuzi 45, kwa hiyo fundi alimshauri achukue ya 50 na ya 55.*

*Mvua ilikuwa imelainisha uwanja. Weji yenye mbinuko mdogo ilizama nyuma ya mpira.*

*Kedi alimpa weji ya kubetua, lakini yeye akaomba ya mchanga, kwa sababu bendera ilikuwa mbali na ukingo wa grini.*

Tazama pia: banka, grini, kabari, kedi, mkwaju, mpini, wayo.